Damu ya Ujombani

Mdogo wangu alinipigia simu saa tano usiku, ananong'ona, maana alikuwa chooni na hakutaka Mama asikie. "Dada, mkojo wangu umekuwa kama juisi ya ukwaju."

Ilikuwa mwaka 2011. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya maabara, Dar es Salaam. Yeye alikuwa nyumbani Tanga, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kulazwa hata siku moja. Nikamuuliza kama anatumia dawa yoyote. Akasema siku tatu nyuma alikwenda duka la dawa analalamika yutiai, wakampa nitrofurantoini. Nikacheka. Nikamwambia dawa hiyo inatia rangi mkojo, hata karatasi ya ndani ya boksi inasema hivyo, nenda kalale.

Asubuhi alirudi kwa muuza dawa kuhakikisha, naye akamjibu vilevile. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba wote wawili tulisema kweli. Nitrofurantoini huufanya mkojo uwe wa njano iliyokolea, hata wa kahawia, na haina neno. Ukweli wetu ndio uliomchelewesha. Siku mbili baadaye Mama akapiga simu: mtoto macho yamekuwa manjano kama binzari na hawezi kupanda ngazi tatu za baraza bila kukaa. Walipompima, damu ilikuwa imebaki tano nukta nane. Kijana wa rika lake anatakiwa awe na kumi na tatu na kuendelea.

Hospitali aliyopelekwa, ambayo sitaitaja, walimpima malaria, hamna. Wakapima homa ya ini, hamna. Wakamwongezea chupa mbili za damu, akaanza kupata rangi. Siku ya tisa daktari mmoja kijana akawaza jambo ambalo wenzake hawakuliwaza, akaandika apimwe kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Majibu yakarudi: kawaida. Faili likafungwa. Mimi niliyekuwa nasomea kazi hiyohiyo nikasoma neno "kawaida" kwenye karatasi aliyonitumia, nikamshukuru Mungu.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile hawakupima damu ya mdogo wangu. Walipima damu ya wachangiaji wawili wasiojulikana, ikichanganyika na seli changa alizokuwa ametoka kuzitengeneza kwa haraka. Seli zake zenye kasoro, zile ambazo kipimo kilikuwa kinazitafuta, zilikuwa zimeshapita chooni.

Ili nieleze vizuri kilichotokea inabidi nianze na seli yenyewe, na naomba mnivumilie kidogo, maana hapa ndipo ninapopata mshahara wangu na ninapapenda.

Seli nyekundu ya damu ni hamali. Aliyekulia karibu na bandari anajua hamali anavyojiandaa: anavua shati, anaacha viatu, anabaki na kile tu kisichomzuia kubeba. Seli hii ikiwa inakomaa ndani ya uboho wa mfupa hufanya hivyohivyo. Inatupa kiini chake, yaani daftari lote la maelekezo ya namna ya kujitengeneza. Kisha inatupa mitokondria, yaani majiko yake. Nafasi yote inayobaki inajazwa himoglobini. Ikishatoka kwenda mtaani haiwezi tena kutengeneza protini hata moja. Vimeng'enya ilivyotoka navyo uboho ndivyo itakavyokufa navyo, na safari ni ya siku 120 hivi, kupita kwenye mishipa ambayo mingine ni myembamba kuliko upana wake mwenyewe.

Na inabeba oksijeni ambayo haiionji. Oksijeni huchomewa kwenye mitokondria, na yenyewe imeshazitupa. Ni kama muuza samaki anayeshindia ugali kwa chumvi. Chakula chake ni glukosi tu, na inaivunja bila oksijeni, kwa njia ya zamani ambayo hata hamira inaitumia. Kila chembe ya glukosi inaiachia faida ya ATP mbili. Seli nyingine za mwili, zenye majiko, hupata kama thelathini kwa glukosi hiyohiyo. Kwa hizo mbili hamali wetu anasukuma chumvi nje, anashikilia umbo lake, maisha yanakwenda.

Kiasi cha asilimia 90 ya glukosi hupita njia hiyo kuu. Inayobaki, kama asilimia 10, huchepuka. Najua nimeandika nini. Watanzania tuliokuwa watu wazima enzi za tangazo la "michepuko si dili, baki njia kuu" hatuwezi kusikia neno hilo bila kucheka, na kila nikiwafundisha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hapo ndipo wanapoamka. Lakini kwenye seli nyekundu mchepuko ndio unaookoa ndoa. Njia kuu inatoa nguvu. Mchepuko unatoa kitu kinachoitwa NADPH, na kazi ya NADPH ni kuzuia kutu.

Kutu, ndiyo. Fikiria misumari ya jahazi iliyo ndani ya maji ya chumvi. Seli nyekundu imejaa chuma, na inabeba oksijeni mchana na usiku. Hakuna mchanganyiko mbaya zaidi ya huo. Kila siku sehemu ndogo ya oksijeni hugeuka kuwa sumu kali inayochoma protini na utando wa seli. Anayeizima ni glutathioni, na glutathioni ikishatumika lazima irudishiwe makali yake na NADPH. Seli nyingine za mwili zina njia kadhaa za kuipata NADPH. Seli nyekundu ina huo mchepuko mmoja tu, na mlinzi wa geti la mchepuko, yule anayefungua mlango wa kwanza, ni G6PD. Jina lake kamili ni glukosi-6-fosfeti dihaidrojenasi. Sasa mmeelewa kwa nini tunamwita kwa kifupi.

Zaidi ya watu milioni 400 duniani wana upungufu wa kimeng'enya hiki, na wengi wao watazeeka na kufa bila kujua, kwa sababu siku za kawaida mlinzi dhaifu anatosha. Shida huja likija fujo: homa kali, dawa fulani, chakula fulani. Hapo himoglobini inaharibika, inaganda na kuwa madonge madogo yanayoganda kwenye ukuta wa seli kwa ndani. Tunayaita madonge ya Heinz, kwa jina la Mjerumani aliyeyaeleza mwaka 1890. Bandama, ambayo kazi yake ni kukagua kila seli inayopita, inayaona na kuyang'oa pamoja na kipande cha ukuta. Ukitazama damu hiyo kwenye darubini unaona seli zilizomegwa ubavuni kama andazi alilolionja mtoto akalirudisha kwenye sahani. Nyingine hupasuka hukohuko kwenye mishipa, himoglobini inamwagika, figo zinaichuja. Huo ndio ukwaju wa mdogo wangu.

Habari ya kimeng'enya hiki ilianzia gerezani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Marekani ilikuwa inatafuta dawa za malaria kwa ajili ya askari wake, na katika gereza la Stateville, jimbo la Illinois, wafungwa waliambukizwa malaria kwa makusudi ili dawa zijaribiwe juu yao. Waliambiwa ni kwa hiari. Hiari ya mtu aliye nyuma ya nondo naiachia kila msomaji aipime mwenyewe. Majaribio yaliendelea hata baada ya vita, na dawa mojawapo ilikuwa primakwini. Sehemu ya wafungwa weusi waliopewa miligramu 30 kwa siku mkojo ukageuka mweusi na damu ikashuka, ilhali wenzao wanameza dozi ileile na hawana habari.

Raymond Dern na wenzake wakafanya jaribio ambalo kwangu mimi ni zuri kuliko mashine zote tulizonazo leo. Walichukua damu ya mfungwa anayedhurika na primakwini, wakaitia alama ya kromiamu yenye mnururisho, wakamwekea mtu asiyedhurika, kisha wakampa huyo wa pili primakwini. Seli za kigeni zikafa ndani ya mwili wa mwenyeji aliye mzima, zake mwenyewe zikabaki salama. Wakafanya kinyume chake: seli za mzima zikakaa salama ndani ya mwili wa anayedhurika. Basi kosa halikuwa kwenye ini wala figo. Lilikuwa ndani ya seli. Mwaka 1956 Paul Carson na wenzake wakalipa jina: upungufu wa G6PD.

Na palepale Stateville, Dern pamoja na Ernest Beutler waliona jambo lingine ambalo lingemsaidia mdogo wangu kama kuna mtu angelikumbuka. Wale wafungwa walipoendelea kumeza dawa, damu iliacha kushuka yenyewe, ikaanza kupanda. Sababu ni kwamba aina ya upungufu inayopatikana zaidi Afrika, inayoitwa A-, haimnyimi mtu kimeng'enya moja kwa moja. Kinatengenezwa, ila kinachakaa mapema. Seli changa zinacho cha kutosha, seli zee zimeishiwa. Fujo ikija inaua wazee, vijana wanabaki. Ukipima wiki hiyo, unapima vijana. Kwa hiyo kipimo cha G6PD kikifanyika wakati damu inavunjika, au muda mfupi baada yake, jibu la "kawaida" halina maana, na mtu akiwa ameongezewa damu ndiyo kabisa. Unasubiri kama miezi mitatu, unapima tena. Hili nalisema kwa sauti kwa kila daktari anayeleta karatasi dirishani kwetu, na wengine sasa wakiniona wanageuza njia.

Mdogo wangu hakupimwa tena. Mwaka 2016 alipata kazi ya udereva Muscat kupitia kwa binamu wa Mama. Mama ni wa Pemba, na kama familia nyingi za Pemba, nusu ya ukoo uko ng'ambo. Siku moja akiwa Ruwi na wenzake wakaagiza kifungua kinywa: ful ya moto, yale maharage makubwa ya Waarabu, ndimu, mafuta ya zeituni, mkate. Kesho yake usiku, ukwaju ukarudi.

Alinipigia simu akiwa kitandani hospitalini, na kilichomshangaza hata zaidi ya ugonjwa ni mapokezi. "Dada, sijakaa vizuri kwenye kiti, nesi ananiuliza: umekula ful?" Nesi alikuwa anajua anachouliza. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa ya damu ya kurithi uliofanywa Oman ulionyesha upungufu wa G6PD kwa wanaume asilimia 25 na wanawake asilimia 10. Mwanamume mmoja katika kila wanne! Kule swali hilo linaulizwa kama sisi tunavyouliza "umepima malaria?" Walisubiri, wakampima tena baadaye, wakamkabidhi kadi ndogo ya kuweka kwenye pochi. Miaka mitano baada ya simu ya chooni, kadi hiyo ikawa jibu.

Hapa niseme neno juu ya maharage, kwa sababu nimeshakutana na wazazi walioambiwa mtoto asile jamii ya kunde yoyote, na mtoto wa Kitanzania asiyekula maharage atakula nini? Ful ni mmea mmoja, *Vicia faba*, wenye visini na konvisini, ambazo tumboni hugeuka kuwa vitu vinavyochoma seli nyekundu. Maharage yetu hayana habari hiyo. Kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe: kula. Si kila mwenye upungufu hudhurika na ful pia, na wenye aina ya A- hudhurika mara chache kuliko wenye aina ya Mediterania, ambayo ndiyo kali na ndiyo iliyoenea Uarabuni. Mdogo wangu ana ipi sisemi, maana jeni zake hazijasomwa, na ukoo wenyewe umevuka bahari mara nyingi kiasi kwamba kubahatisha ni kujitafutia ugomvi na wajomba.

Nimetaja wajomba. Jeni ya G6PD imekaa kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake, akipata mbovu hana ya akiba. Kwa hiyo kitu hiki hakitoki kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Kinatoka kwa mama, na ukitaka kujua mtoto wa kiume yuko hatarini, baba yake hatakusaidia. Mtazame mjomba.

Mwanangu alizaliwa 2019. Siku ya tatu akaanza kuwa manjano, na si ile ya kuanika mtoto kwenye jua la asubuhi ikaisha. Ilishuka usoni, kifuani, ikafika kwenye nyayo. Akalazwa chini ya taa za bluu siku nne, macho yamefungwa kitambaa. Manjano ya kichanga ikizidi sana huingia kwenye ubongo, na watoto wenye upungufu huu ni wa kuangaliwa kwa jicho la karibu. Mimi nimekaa pembeni ya kile kisanduku nakamua maziwa, nikasikia kichwani sauti ya kijana ananong'ona chooni. Mjomba wake.

Nilisubiri mpaka alipofika miezi mitatu. Kisha jioni moja, wenzangu wameshaondoka, nikafanya kipimo mwenyewe. Ni kipimo cha zamani, Beutler yuleyule ndiye aliyekibuni miaka ya 1960, na uzuri wake ni kwamba hakihitaji mashine kubwa. Unatia tone la damu kwenye kitendanishi, unasubiri dakika kumi, unadondosha kwenye karatasi ya chujio, unaacha ikauke. Halafu unazima taa za chumba na kuwasha taa ya urujuanimno. NADPH inang'aa kwenye mwanga ule. Palipo na kimeng'enya pana nuru.

Niliweka matone manne. La kwanza la mtu niliyejua ni mzima, kwa kulinganisha. La pili la mume wangu, aliyejitolea kidole huku analalamika. La tatu langu. La nne la mtoto. Nikazima taa. La kwanza likang'aa rangi ya bluu ya maziwa, kama mwezi nyuma ya wingu jepesi. La mume wangu vilevile. La mtoto lilikuwa giza. Niliinamisha kichwa, nikafuta miwani, nikatazama tena. Pale palikuwa na karatasi tu.

Langu liling'aa, lakini kama kibatari kinachoishiwa mafuta.

Sikushangaa. Mwaka 1961 Mwingereza Mary Lyon, akitazama manyoya ya panya, alisema kila seli ya mwanamke huzima X moja kati ya mbili alizonazo, kwa bahati nasibu, mapema kabisa tumboni. Mwaka uliofuata Beutler akalithibitisha hilo kwa kutumia damu ya wanawake wenye jeni moja mbovu ya G6PD: walikuwa na seli za aina mbili, nzima na dhaifu, bega kwa bega kwenye mshipa mmoja. Basi mimi ni kanga, yule ndege, wa madoadoa. Nilipotuma sampuli kupimwa kwa kiwango, jibu lilikuwa asilimia 54 ya kawaida. Kile kipimo cha karatasi huwaona wanaume vizuri na huwakosa wanawake wengi wa namna yangu, na ndiyo maana kwa wanawake mimi sikiamini peke yake.

Niliporudi nyumbani na habari, mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akatulia, akasema, "Kwetu sisi hakuna damu hiyo." Ilikusudiwa kuniuma na iliniuma. Lakini kwa upande wa sayansi hajawahi kusema jambo sahihi zaidi. Mtoto wa kiume hapokei X ya baba yake. Kwao hakikutoka kitu. Ni sisi. Ni Mama, na mama yake, na Pemba, na labda bahari yote ile.

Na ni malaria pia. Kitu kinachoua hakienei hivi bila kulipa fadhila mahali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na ambaye mwaka 1954 alionyesha kwamba siko seli nusu, yaani kuwa na jeni moja tu ya siko seli, inamkinga mtu na malaria, aliigeukia G6PD mapema tu. Mwaka 1960 aliandika juu ya upungufu huu kwa watu wa Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata yeye na David Clyde, daktari wa malaria wa Tanganyika, wakaandika juu ya watoto wenye upungufu na vimelea vyao. Tangu hapo ubishi haujaisha. Mwaka 1995 utafiti wa Gambia na Kilifi ulisema kinga ipo kwa wavulana wenye upungufu na kwa wasichana wenye jeni moja. Miaka ishirini baadaye, Kilifi hiyohiyo, kwa watoto wengi zaidi, ikaonekana waliokingwa ni wasichana wa madoadoa, siyo wavulana. Kama ni hivyo, basi malaria kali ilinihurumia mimi utotoni Tanga, na mdogo wangu akabaki analipia bili bila kula chakula.

Tanga na malaria hatuhitaji kuelezana. Watafiti wamefanya kazi Muheza tangu kabla sijazaliwa. Hukohuko ilijaribiwa klorproguanili pamoja na dapsoni, dawa ya bei nafuu iliyokuja kuitwa Lapdap, kwa watoto ambao SP, dawa ya malaria ya enzi hizo, ilikuwa imeshindwa kuwatibu. Ikapewa kibali Uingereza mwaka 2003. Mwaka 2008 ikaondolewa sokoni, kwa sababu watoto wenye upungufu wa G6PD walikuwa wanashuka damu baada ya kuitumia. Dapsoni inajulikana kuvunja damu za watu hawa kwa miongo mingi. Kutengeneza dawa ya malaria kwa kitu kinachowadhuru watu ambao malaria yenyewe ndiyo iliyowachagua na kuwazidisha! Walijua hatari ipo, wakaipima ndogo kuliko ilivyokuwa.

Primakwini bado ipo, na tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linashauri dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya mwili, kuzuia vimelea visipite kwa mbu, bila kulazimu kipimo cha G6PD. Hiyo sina ugomvi nayo. Dozi moja si sawa na kuimeza siku kumi na nne mfululizo.

Wakati mwingine hitilafu haiko kwenye mchepuko, iko njia kuu yenyewe. Piruveti kinesi, kimeng'enya cha hatua ya mwisho, ikikosekana seli inaishiwa ATP na kufa mapema, na mtu anaishi na upungufu wa damu tangu kuzaliwa, si kwa vipindi. Hiyo hurithiwa kwa wazazi wote wawili, ilieleweka mwaka 1961, na dawa yake ya kwanza ya kumeza, mitapivati, ilipata kibali Marekani mwaka 2022. Sijawahi kuiona kwenye benchi langu, au niseme sijawahi kuipima.

Turudi kwa Mama na hina.

Arobaini ya mtoto ilikuwa imekaribia, kabla hata sijafanya kile kipimo, na Mama alikuja kutoka Tanga na mfuko wa hina iliyosagwa, ya kwake mwenyewe ya uani, anataka kumpaka mjukuu nyayo na viganja. Mimi nikakataa. Hina ina kitu kinachoitwa losoni, ambacho kwa umbo ni ndugu wa naftalini, zile tufe nyeupe za kabatini. Naftalini inajulikana: mtoto mwenye upungufu akifunikwa nguo zilizohifadhiwa nayo anaweza kuvunjika damu. Hina vilevile, madaktari wameandika juu ya vichanga waliopakwa mara moja tu wakaishia kuongezewa damu, kwa sababu ngozi ya kichanga ni nyembamba na inafyonza. Piko, ile nyeusi, ina balaa lake jingine la kuunguza ngozi, na siizungumzii hapa.

"Mwanangu, wewe nilikupaka," Mama akasema. "Na mdogo wako nilimpaka."

"Alikuwaje baada ya hapo, Mama?"

Akanyamaza. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Baadaye sana, mtoto ameshalala, akasema kama anayejisemea, "Alikuwa manjano. Wazee wakasema ni kijicho." Kisha, "Tulimweka juani wiki nzima." Sikumuuliza zaidi. Tone lile la giza nililiona miezi miwili baadaye, lakini kwangu mimi majibu yalitoka siku ile, juu ya ungo.

Sasa kijana wangu anakwenda shule. Kwenye mlango wa friji kuna karatasi: dapsoni, nitrofurantoini, primakwini ya siku nyingi, naftalini, ful, hina. Hakuna zaidi ya hapo, maana niligundua kwamba orodha ndefu haisomwi, na zile za mtandaoni zimejaa vitu visivyo na ushahidi. Paracetamol anameza, dawa mseto ya malaria anameza. Akipata homa yoyote natazama mkojo wake kabla hajavuta maji. Homa ndiyo adui mkubwa kuliko vyote vilivyo kwenye ile karatasi. Amezoea. Siku hizi ananiita mwenyewe, "Mama, njoo uone, ni wa chai au wa ndimu?" na mara zote mpaka sasa umekuwa wa ndimu.

Idi iliyopita mjomba wake alikuja kutoka Muscat. Usiku wa kuamkia sikukuu Mama alikaa barazani na bakuli lake la hina, mabinti wa jirani wamepanga foleni, na mwanangu naye akajipanga, amekunjua kiganja. Mama akamtazama, akanitazama mimi. Akafuta vidole, akaomba peni. Akamchorea mwezi na nyota ya wino wa bluu katikati ya kiganja, polepole, kwa umakini uleule anaowachorea mabinti. Mdogo wangu, mtu mzima na ndevu zake, akasogea akakaa nyuma ya mpwa wake, akanyoosha mkono. "Na mimi, Mama."